Jicho Zima

Jumapili, tarehe 3

Kitinda wangu,

Utakapoisoma hii utakuwa umeshatua na unatafuta begi lako. Nimeamua kukuandikia kwa barua pepe, kupiga simu sitaki. Wewe kwenye simu unauliza, "Umekula nini, umekunywa vikombe vingapi," halafu unaaga. Barua inakaa. Nikiwa kitini na sindano mbili mkononi kwa muda wa saa nne, nitaisoma mara ya pili na ya tatu, na mkono uliobaki utakujibu.

Sasa masharti. Usinianzie na "natumaini hujambo," maana kwenye wodi yetu hilo ni swali la mtihani. Nataka mambo mawili: umeona nini na umekula nini. Na usithubutu kuniandikia kwamba chakula kilikuwa kizuri. Nimepikia shule ya bweni miaka ishirini na miwili, watoto mia nne, asubuhi mpaka jioni. "Kizuri" ni neno la mtu aliyekula huku anawaza mengine. Niambie kilikuja cha moto au vuguvugu, kilinukia nini, chumvi ilifika au ilichelewa njiani. Mimi na chumvi tumeachana huu mwaka wa pili. Ndizi nimekatazwa, maharage nimekatazwa, viazi mpaka vichemshwe mara mbili vife kabisa, na maji yangu ya siku nzima yanaingia kwenye vikombe viwili. Wewe una siku kumi na tumbo lisilo na daktari. Ukilichezea utanijibu.

Wenzangu wodini wameshajua kwamba fundi wao wa mashine amesafiri, nami nimewaahidi kuwasomea barua zako. Mzee wa Posta ametoa oda yake mapema. Unamjua, yule wa kiti cha dirishani, aliyegawa barua za watu kwa miguu miaka thelathini na minne mpaka figo zikamgomea. Anataka kujua kama watu wa posta wa huko wanatembea au wanapanda vyombo. Anasema ukishajua hilo unajua nchi ina adabu kiasi gani. Mtazamie.

Hizo mashine mpya za kusafisha damu jifunze vizuri, ndicho ulichoitiwa. Lakini jifunze ukiwa umeshiba.

Dada yako

*

Jumatatu, tarehe 4

Dada, shikamoo.

Nimefika salama. Hiyo si "natumaini hujambo," ni taarifa tu.

Chumba changu kina kitanda, meza, birika la umeme na dirisha linalotazama ukuta. Kiwandani ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Njiani kuna mto uliojengewa kingo za mawe pande zote mbili, na juu yake daraja la chuma. Nimesimama hapo nikitazama boliti zake. Kila moja ni kubwa kama ngumi yangu, na sikuona hata moja yenye kutu. Najua hukunituma kutazama boliti.

Tuko mafundi kumi na wanne, kila mmoja ametoka hospitali yake. Tuliambiwa kila mtu aje na kifaa kimoja kilichokufa, tujifunze kukifufua mezani. Mimi nimekuja na jicho. Waeleze wenzako: jicho ni kile kidude kinachoutazama mrija unaorudisha damu mwilini. Kikiona povu la hewa kinaisimamisha mashine, na kikifa chenyewe, mashine haikubali kuwaka kabisa. Hili ni lile la mashine namba tatu, lililokufa mwezi uliopita. Sikulifungasha mwenyewe. Jioni ile ya kuondoka nilikuwa juu ya ngazi natengeneza taa ya chumba cha upasuaji, nikamwomba Sista Mkuu anitolee kabatini lile jicho bovu, naye akaniletea na boksi lake. Zamu yangu ya kwenda nalo mezani ni Alhamisi.

Mchana nimekula supu. Ilikuwa ya moto, kama nyuzi sabini hivi. Nene. Rangi ya chungwa. Kulikuwa na mkate.

Namba moja inaendeleaje? Nilipoondoka ilikuwa na mlio nisioupenda.

Kitinda wako

*

Jumanne, tarehe 5

Kitinda,

Marahaba. Supu yako nimeisoma kwa sauti na watu wanane wamebaki na njaa. "Nene, rangi ya chungwa, kulikuwa na mkate." Hiyo ni supu au ni maneno ya kwenye kopo la rangi? Unene wa nini, wa unga au wa mboga iliyopondwa? Rangi imetoka kwenye karoti au kwenye boga? Mkate ulikuwa wa kuvunjika au wa kukunjika? Mzee wa Posta anasema supu ya nyuzi sabini inaunguza ulimi, kwa hiyo ama umedanganya ama ulimi huna.

Rudi pale pale, agiza ile ile, ule pole pole.

Leo nakuandikia nikiwa kwenye benchi la koridoni. Wodini wanafanya usafi wa nguvu, viti vimehamishwa chumba, tumebanana kidogo na zamu zimepanguliwa. Mashine zako hazijambo, zinakusalimu. Habari za mlio usiniulize tena, hukwenda huko kusikiliza mlio wa huku. Hii ni safari yako ya kwanza kutoka nje ya nchi tangu uzaliwe, na mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nina haki ya kukuamuru. Tembea, tazama, ule.

Nataka tunda. Tafuta tunda unieleze.

Dada yako

*

Jumatano, tarehe 6

Dada, shikamoo.

Nimerudi pale. Ni boga na karoti, vimesagwa pamoja. Mpishi ametia na kitunguu alichokikaanga mpaka kikakaribia kuungua, akakiokoa dakika ya mwisho. Hukisikii mwanzo, unakipata ukishameza. Chumvi ilifika kwa wakati. Mkate una ganda linalovunjika kwa sauti, ndani ni laini na una matundu. Unachovya, unahesabu mbili, unatoa. Ukihesabu tatu unabaki na ganda mkononi na mkate umezama. Nimepoteza kipande kimoja hivyo, na mama wa meza ya pili akanicheka waziwazi.

Baada ya darasa nikaenda sokoni. Ni soko la ndani, lina paa la kioo na sakafu iliyooshwa. Muuza samaki kawapanga juu ya barafu, wote wametazama upande mmoja kama wanafunzi wanaosubiri kuitwa majina. Nikapita, nikafika kwenye matunda. Nimechagua zabibu nyeusi. Muuzaji alinionjesha moja kabla sijanunua. Ngozi yake inakataa kidogo, halafu inakubali kwa ghafla na mdomo unajaa maji. Nisamehe kwa neno hilo. Utamu unatangulia, ukali unafuata, na ndani kuna mbegu mbili ndogo. Nilinunua kishada, nikakimaliza nikiwa nimesimama pale pale, na maji yake yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko.

Halafu nikajisikia vibaya. Hotelini wanakuwekea jagi la maji mezani bila hata kuomba, na kila mtu anajimiminia bila kutazama. Mimi nilikunywa vikombe viwili, nikashindwa kuendelea.

Watu wa posta bado sijawaona.

Kitinda wako

*

Alhamisi, tarehe 7

Dada,

Leo sina chakula.

Zamu yangu ilifika saa tano. Mwalimu alilitoa jicho kwenye boksi, akalifunga kwenye mashine ya majaribio, akabonyeza. Taa ya kijani. Akapitisha povu, jicho likaliona, kengele ikalia. Akapitisha tena, likaona tena. Darasa lote likacheka. Mwalimu akasema, kupitia kwa mkalimani, kwamba wenzangu wote wameleta maiti na mimi nimeleta mtu asiyeumwa aliyekuja kusalimia wagonjwa. Nami nilicheka, mpaka nilipoligeuza boksi nikaona mwandiko wangu mwenyewe kwenye plasta: ZIMA.

Dada, hili ni lile la akiba. Yalinunuliwa mawili mwezi uliopita. Moja nikalifunga kwenye namba tatu. La pili nikaliandika ZIMA nikaliweka kabatini, yaani jicho zima, halina kasoro. Lile bovu niliandika "Na. 3" tu, kwa sababu limetoka kwenye namba tatu. Kwa hiyo zima liko huku mkononi mwangu, na huko kabatini limebaki bovu.

Nimeshamwandikia Sista Mkuu. Kama namba moja na namba tatu zinafanya kazi, hakuna kilichoharibika. Nitarudi nalo Jumatano na tutacheka wote. Namba mbili tunajua imekufa tangu mwaka jana, na jicho lake pia, inasubiri hizi mashine mpya. Lakini wewe unapita wodini kila siku, kwa hiyo niambie ukweli. Namba moja bado inalia?

Kitinda wako

*

Ijumaa, tarehe 8

Fundi,

Salamu. Nimeipata barua yako nikaisoma nimesimama. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Uliniambia nikutolee jicho bovu. Nilifungua kabati nikakuta maboksi mawili. Moja umeandika "Na. 3." Nikasema hili ni la mashine namba tatu, lisiguswe. La pili umeandika "ZIMA." Mwanangu, hapa wodini kitu kikizima kimezima. Taa ikizima, friji ikizima, mashine ikizima, tunakuita wewe. Ningejuaje kwamba zima lako ni la uzima? Nikasema basi ndilo lililozima, ndilo bovu, nikalifunga vizuri na pamba lisivunjike njiani.

Namba moja ilisimama Jumatatu saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa kitini. Mgonjwa huyo ni dada yako. Damu yake tulimrudishia kwa kuzungusha pampu kwa mkono, kama ulivyotufundisha. Jumanne tuliazima fundi wa hospitali ya jirani. Akaona jicho limekufa, akafungua kabati, akafunga hilo la "Na. 3" akiamini ni jipya. Mashine haikuwaka. Akasema basi tatizo ni kubwa kuliko jicho, asubiriwe mwenyewe. Tukakubali.

Sasa tuna wagonjwa kumi na mmoja na mashine moja, namba tatu. Nayo inapata joto, daktari ameagiza isizidi zamu tatu kwa siku, za saa mbili mbili badala ya nne. Kila mtu anapata zamu moja kwa siku nne. Dada yako ndiye aliyetukataza kukwambia. Alisema ukijua hutakula. Nilimtii, maana sikuona ungetusaidia nini ukiwa huko.

Kosa nimelifanya mimi kwa mikono yangu. Niambie nifanye nini.

Sista Mkuu

*

Ijumaa, tarehe 8

Kitinda,

Haya, umeshajua. Benchi la koridoni halikuwa la usafi, lilikuwa la foleni. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungeacha supu ikapoa, ungekaa kwenye hicho chumba chako chenye ukuta ukijing'ata kucha, na namba moja isingewaka kwa kucha zako.

Kwa kuwa tumeanza kusema kweli, nakwambia yote. Miguu imevimba, viatu vinameza vidole tu. Nikilala chali kifua kinabana, kwa hiyo nalala nimekaa, nimeegemea mito mitatu. Juzi kikombe changu cha pili nilikimwaga kwa bahati mbaya nikalia, mtu mzima, kwa ajili ya kikombe cha maji. Leo nimepata saa mbili zangu, za kwanza tangu Jumatatu. Zimenisaidia, nimeandika mpaka hapa bila kupumzika.

Mzee wa Posta hali yake ni kama yangu, pengine kunizidi, ila ni mtu wa kutoomba. Zamu yake ni kesho. Amekaa na mimi kidogo leo, akaniambia nikuulize kama umeshamwona mtu wake.

Sista usimlaumu. Neno ni moja, na kila mmoja wenu kalisoma sawasawa. Na barua usiache. Watu hapa wamekatwa nusu ya zamu, wamebaki na hizo. Ile ya zabibu imesomwa mara nne. Mama wa kiti cha tatu kila mara anataka nirudie pale pa kiwiko.

Naogopa, Kitinda. Nimekwambia mengine yote, acha nikwambie na hilo.

Dada yako

*

Jumamosi, tarehe 9

Dada,

Nimejaribu kila mlango. Jana nilikwenda kwa wasafirisha vifurushi. Siku sita mpaka nane, wakasema, na kifaa cha hospitali lazima kikaguliwe kwanza. Mwalimu nilimwonyesha barua ya Sista, mkalimani akamsomea. Hakucheka tena. Akapiga simu ofisi ya safari, ikawa imefungwa mpaka Jumatatu.

Ndege za kuja huko ni mbili kwa wiki, ya leo na yangu ya Jumanne. Leo asubuhi nikaenda uwanja wa ndege na begi langu, jicho nimelitia mfuko wa shati. Wakaniandika kwenye orodha ya wanaongojea nafasi. Nilikuwa wa tatu. Walioitwa ni wawili.

Nikamfuata yule wa pili, nikamwomba anichukulie jicho tu, ni dogo kama kiberiti, atapokelewa mlangoni akitua. Alikuwa mtu mwema, niliona usoni. Akauliza ni kitu gani. Nikaanza kumweleza habari za damu, mrija na povu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyorudi nyuma. Akasema, "Ndugu, nisamehe. Sibebi kitu nisichokijua." Mimi mwenyewe ningesema hivyo hivyo. Nilikaa pale mpaka nikasikia imeruka.

Nimerudi mjini, nikaingia pale pa supu kwa sababu uliniamuru nile. Sikusikia ladha yoyote. Nilitoa karatasi niandike ilivyokuwa, nikagundua nanakili tu barua yangu ya Jumatano.

Nina mikono miwili mizima, nina kifaa chenyewe hapa mezani, kukifunga ni kazi ya nusu saa, na sina la kufanya. Kule nyumbani wewe unahesabu pumzi na mimi huku nahesabu boliti. Niambie hali yako ya leo, japo mstari mmoja.

Kitinda wako

*

Jumamosi, tarehe 9

Kitinda,

Leo nimesafishwa tena, kwa muda wa saa mbili kamili. Sikuwa kwenye orodha lakini nafasi ilipatikana. Kifua kimefunguka, na miguu imekubali ndala. Kwa hiyo achana na viwanja vya ndege. Jumatano nitaifikia.

Hakuna jipya lingine. Ule.

Dada yako

*

Jumatatu, tarehe 11

Dada, shikamoo.

Barua yako fupi ndiyo iliyonilaza usingizi. Sikuuliza nafasi ilipatikanaje, nilimshukuru Mungu tu, na aliyeiachia nikamwombea heri. Jana hukuandika, nikasema umepumzika, nikakuacha.

Mwambie Mzee wa Posta nimempata mtu wake, tena ni mwanamke, umri wake kama wako. Anatembea. Ana kigari cha magurudumu mawili anachokisukuma, na mkoba begani. Nilimfuata mitaa mitatu, nikiacha hatua kumi nyuma yake kama mwizi. Kila nyumba ina kisanduku cha barua mlangoni, anatumbukiza, anapita. Lakini kuna nyumba moja ambapo mzee alikuwa dirishani, na pale hakutumbukiza. Aligonga kioo, akangoja mzee afungue taratibu, akampa mkononi, wakaongea kidogo. Barua yenyewe niliiona, ilikuwa tangazo la duka.

Kwenye kona aligeuka akaniuliza ninataka nini. Nikamweleza kwa simu inayotafsiri, kwamba yuko mwenzake huko kwetu aliyefanya kazi hii miaka thelathini na minne kwa miguu. Akaisoma mara mbili. Akauliza alikuwa akivaa viatu vya aina gani, na soli ilikuwa ikikaa miezi mingapi. Za kwake zinakaa minane. Dada, niulizie. Nimemwahidi jibu, amenipa na anwani.

Jioni hii wametufanyia karamu ya kuagana. Mwanzo nilitaka kukataa, nikakumbuka wodi. Kwa hiyo nimekula kwa ajili yenu wote kumi na mmoja, naomba uwasomee. Nyama imeokwa pole pole, inaachia mfupa ukiitazama tu. Juu imekauka ikawa na ukoko wa pilipili manga, ndani ina maji yake yenyewe. Viazi vidogo vimeokwa na maganda, ukibonyeza kimoja kinapasuka na moshi unatoka. Chumvi yao ni ya chenga kubwa, imenyunyizwa juu dakika ya mwisho, inavunjika kati ya meno kabla haijayeyuka. Baadaye tukaletewa krimu baridi na kipande cha keki ya limau. Nilifunga macho ili nisikosee hata kimoja.

Ndege yangu ni kesho jioni. Jumatano saa tatu asubuhi natua, na natoka uwanjani moja kwa moja mpaka wodini. Sista asiruhusu mtu kuigusa namba moja kabla sijafika, amwite na yule fundi wa jirani anishikie taa. Saa tano itakuwa inazunguka.

Kitinda wako

*

Jumanne, tarehe 12

Kitinda,

Barua yako nimeisoma peke yangu, koridoni, na sikumsomea mtu. Mzee wa Posta amefariki Jumapili asubuhi, nyumbani kwake, alipokuwa anajiandaa kuja. Jana wamemzika. Sikwenda. Nilisema miguu inauma, na haikuwa inauma.

Nilitaka nikwambie ukishafika, uso kwa uso. Lakini najijua. Nikikuona nitakushika, nitakuuliza ulikula nini kwenye ndege, nitakutania unene, na hili litapita, halitasemwa tena mpaka nife. Kwa hiyo naliandika.

Jumamosi zamu ya mwisho, ya saa nane, ilikuwa yake. Yeye mara ya mwisho kuguswa ilikuwa Jumanne. Mimi nilikuwa nimesafishwa jana yake tu. Nilikuja kukaa benchini kwa mazoea, na kwa hofu pia, maana nikikaa nyumbani peke yangu nasikiliza moyo wangu ukidunda. Saa nane ikafika, hayupo. Robo saa ikapita, hayupo. Sista Mkuu akaja, akaniinamia sikioni. "Mzee hajafika na dakika zinapotea. Ingia wewe."

Kwenye benchi lile lile walikuwa wamekaa watu wawili wenye zamu ya kesho yake, mmoja wao midomo imebadilika rangi. Hakuwaita wao. Aliniita mimi, kwa sababu tangu barua yako ya Alhamisi ameshindwa kunitazama machoni, na alikuwa anatafuta cha kunipa. Hilo nililijua pale pale. Niliinuka haraka kuliko nilivyoinuka mwaka mzima huu.

Sindano ya kwanza ilikuwa imeshaingia, ya pili bado, niliposikia sauti yake koridoni. Alikuwa anamuuliza mfagiaji chumba cha leo ni kipi, maana viti vilihamishwa tena asubuhi. Alipanda ngazi peke yake, akipumzika kila baada ya vidato vinne, ndicho kilichomchelewesha. Sista naye alisikia. Akasimama na sindano ya pili mkononi, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Aliniachia mimi niseme. Kuchomoa sindano moja ni kazi ndogo, unabana pamba, unashuka kitini.

Alipofika mlangoni nilikuwa nimeshaunganishwa na damu inakwenda. Akasimama pale anatafuta pumzi. Nikamwambia, "Mzee, tulidhani leo huji." Tulidhani. Akaniangalia mimi, akaangalia mashine, akasema, "Endelea tu, mama. Kesho si mbali." Akakaa kwenye benchi mpaka nilipomaliza. Sista alitaka kumpa japo nusu saa, taa nyekundu ya joto ikawaka, daktari akasema hapana. Wakamwandika wa kwanza Jumapili, saa mbili asubuhi. Akaaga mmoja mmoja, akashuka ngazi.

Wodini wananipa pole, wanasema tulikuwa tumezoeana. Wananiletea mto, wananiuliza kama barua imekuja. Mama wa kiti cha tatu amelia mbele yangu na mimi nikambembeleza. Sista tunapishana mlangoni kama watu wasiojuana.

Kesho utafika, utalifunga jicho, namba moja itazunguka na watu watafurahi. Ufurahi nao, umefanya kazi yako. Usije ukajibebesha hili kwa ajili ya neno moja uliloandika kwenye plasta, wala usimbebeshe Sista kwa sababu ya kabati. Ninyi mlikosea neno tu. Mimi sikukosea kitu. Nilikuwa na akili zangu zote, na sauti yake naijua kama ninavyoijua yako. Sista alinisubiri, Kitinda, alinipa muda wa kutosha kabisa, na mimi nikanyoosha mkono.

Dada yako